Miche Arobaini ya Bwana Dakika

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mtu huyu alipewa jina na wazazi wake kama wewe na mimi, lakini miaka thelathini na moja ya kutengeneza saa kwenye kibanda cha kioo, chini ya ngazi za jengo la posta, ililimeza lile jina ikamwachia moja tu: Dakika. Hata mkewe alimwita Bwana Dakika, hasa akiwa na la kumkosoa. Na tangu kibanda kifungwe, ya kumkosoa hayakumwishia.

Kilifungwa bila ugomvi wowote. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, utawafanyaje. Akakusanya vibano vyake, brashi zake na kile kioo cha kubana jichoni, akavifunga kwenye kitambaa, akarudi nyumbani ghorofa ya tatu. Nyumbani kwenyewe ni vyumba viwili, na kimoja ni cha kazi ya mkewe, fundi cherehani anayegongewa mlango na wateja tangu asubuhi. Sasa mtazame mwanamume mzima aliyezoea kuinamia kazi kutwa nzima, amekaa juu ya kigoda katikati ya vitambaa vya watu. Wiki ya kwanza akatengeneza bawaba za kabati. Ya pili akatengeneza cherehani, ambayo haikuwa na ubovu hata kidogo mpaka alipoigusa yeye. Ya tatu akaanza kumpimia mkewe muda anaotumia kushona gauni moja, na kumtangazia.

"Wewe bwana," mkewe akamwambia, pini zikiwa mdomoni, "ama utafute pa kwenda asubuhi, ama nitafute mimi."

Basi yakaja mawili kwa mpigo. La kwanza ni simu ya mdogo wake, mwenye uwanja wa kuuzia kokoto katika mji ulio mbali, safari ya kutwa. Alitaka mlinzi wa getini anayemwamini. Kazi ya kulala huko huko, nyumbani unarudi mara moja kila miezi mitatu. La pili ni barua fupi kutoka bustani ya mtaa, ambako Dakika aliandikisha jina miaka minne nyuma, akasahau. Kipande kimepatikana, nambari kumi na saba.

Bustani hiyo ni uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha vigae, umekatwa vipande thelathini, na ina sharti moja gumu. Mwanachama mpya hupewa wiki tano. Jumamosi ya wiki ya tano katibu anapita, na kipande kiwe na miche arobaini, hai, iliyosimama. Mbegu iliyo chini ya udongo haihesabiwi, maana zamani watu walikuwa wakimwonyesha udongo mtupu na kula viapo kwamba humo ndani mna kitu. Ukipungukiwa hata na mmoja, kipande kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Orodha ilikuwa na kurasa mbili.

Dakika akampigia mdogo wake. "Nivumilie mpaka Jumapili, baada ya ukaguzi. Nikikikosa kipande, nafunga begi nakuja."

Mkewe alikuwa pale pale, anasikia kila neno. Akasema, "Sawa," akaendelea kukanyaga cherehani. Na yule bwana akaichukua ile sawa kama ilivyotamkwa. Wanaume bwana, we acha tu.

Siku ya kwanza bustanini hakujua hata jembe linashikwa upande gani. Jirani yake wa kipande cha kumi na sita, mwanamke mpishi wa kantini ya kiwanda, mnene wa sauti na mwepesi wa kicheko, alimtazama akipima tuta kwa rula ya chuma.

"Kaka, unataka kupanda nini?"

"Chochote kitakachosimama."

"Basi weka mahindi matamu, na maboga pembeni. Yanaota upesi na yanaonekana kwa mbali. Lakini usizike mbegu hapa moja kwa moja, utakuwa unawalisha kunguru. Otesha nyumbani kwenye vikopo, uje na miche yenye nguvu zake."

Dakika akashukuru, akaenda zake dukani kununua mbegu. Yule mpishi hakumwambia zaidi, kwa kuwa hakudhani kuna zaidi la kumwambia mtu mzima. Liweke hilo akilini tu, tutafika.

Nyumbani akazimwaga mbegu kwenye sahani nyeupe, akabana kioo jichoni. Za maboga zilimpendeza: bapa, laini, kingo zimenyooka utadhani zimepigwa tupa. Lakini mahindi, lahaula. Punje zote zimekunjamana, zimesinyaa, hakuna hata moja iliyojaa. Akavaa viatu akarudi dukani akiwa amefura.

"Umeniuzia mbegu zilizokufa."

Muuza mbegu akachungulia, akacheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu, mahindi matamu ndivyo yalivyo. Ile sukari ikikauka, punje inakunjamana. Ukiona imejaa na inang'aa, hiyo ndiyo uniletee."

Akarudi amenywea kidogo, lakini ndani yake kitu kilikuwa kimeshawaka. Kumbe punje mbaya ndiyo nzima. Miaka thelathini na moja hakuna aliyemwambia jambo jipya kama hilo, akamsimulia mkewe mara tatu kabla ya chakula.

Kisha akaanza kazi, na hapa lazima nimpe haki yake, maana kazi aliifanya. Alichukua magazeti ya zamani akayakata vipande sawasawa, akavizungusha kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akakunja kitako. Vikopo sitini na vinane, na ungevipanga ungeona vyote kimo kimoja, hakuna kilichomzidi mwenzake hata kwa unene wa kucha. Udongo akauchekecha kwa chekecheo la unga. Mkewe alipoliona lile chekecheo alisema maneno ambayo sitayarudia. Akachanganya udongo na mboji na mchanga kidogo, akajaza. Punje ya mahindi, kina cha kiungo cha kidole. Mbegu ya boga akaisimamisha kwa ubavu ili maji yasitue juu yake ikaoza. Hilo alilisoma nyuma ya pakiti, na kila moja aliisimamisha kwa kibano.

Sitini za mahindi, nane za maboga. Akavipanga kwenye sinia nne. Mbili zikapanda juu ya friji, panapotoa joto, mbili zikawekwa kwenye meza ya mkewe ya kukatia vitambaa, karibu na dirisha.

"Hiyo meza ni ya kazi," mkewe akasema.

"Hii nayo ni kazi."

Mkewe akamtazama, akasogeza mkasi wake.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu, na hilo si ajabu kwa mtu yeyote isipokuwa yeye. Ya tatu alikuwa akiamka kila alfajiri anapanda kigoda kuchungulia juu ya friji. Ya nne akataka kuichimbua moja aone imefika wapi, mkewe akampiga kofi la mkono kama unavyomfanyia mtoto anayedokoa. Siku ya tano, saa moja kasoro asubuhi, mkewe alikuwa anachemsha chai aliposikia kigoda kinaanguka.

"Mama. Njoo. Njoo uone."

Alikuwa hajamwita hivyo tangu watoto wao walipoondoka nyumbani. Akaenda. Katikati ya kikopo kimoja kilikuwa kimesimama kitu kama ncha ya sindano, kijani, chembamba, kimeutoboa udongo bila hata kuutawanya. Dakika akampa kioo chake. Yeye hakuwahi kumpa mtu kile kioo, hata kinyozi rafiki yake aliyekiomba ili atoe mwiba kidoleni. Mkewe akakibana jichoni, akainama, akakaa hivyo muda.

"Kina tone la maji kichwani," akasema.

"Nimeliona."

Kuanzia hapo hakukukalika ndani ya nyumba ile. Mchana vilikuwa vimetoka tisa, jioni ishirini na viwili. Kesho yake maboga yakaanza, na maboga ni viumbe vya vituko. Yanatoka shingo kwanza, imepinda kama mpini wa ndoo, kisha yanavuta kichwa kutoka ardhini kwa nguvu, mengine yakiwa bado yamevaa ganda la mbegu kama kofia. Dakika akayavua kofia kwa kibano moja baada ya jingine, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akaambiwa asubiri na asipumue kwa nguvu. Mwisho wa hesabu mahindi yaliota hamsini na manane, maboga saba. Mtu alitembea mtaani kifua mbele. Kinyozi alimuuliza hali, akajibiwa kuhusu jani la tatu.

Wiki iliyofuata ikawa ya kuyazoesha jua. Mche uliolelewa ndani ukiutoa nje ghafla unaungua, kwa hiyo unautoa kidogo kidogo. Mtu mwingine angetoa asubuhi akarudisha akikumbuka. Huyu aliandika ratiba akaibandika ukutani: siku ya kwanza dakika arobaini na tano kibarazani, ya pili saa moja na nusu, mpaka siku ya saba ilale nje. Muda ukifika anasimama mlangoni na saa ya mfukoni mkononi, anasubiri mshale wa sekunde uingie juu ndipo anyanyue sinia. Mkewe alicheka mpaka akajichoma kidole. Lakini miche ilikuwa imenawiri, mashina manene ya zambarau chini, majani yamenyooka, na hata yeye alikuwa akipita na kikombe chake cha chai anasimama hapo kidogo, hana hili wala lile, anatazama tu.

Ikafika Jumatano ya wiki ya tano, siku tatu kabla ya ukaguzi. Dakika akabeba sinia ya kwanza na vikopo ishirini na vitatu, mahindi ishirini na maboga matatu, akaenda bustanini kabla kiwanda hakijapiga king'ora. Yule mpishi alikuwa zamu ya asubuhi kantini, hakuwepo. Na hapa ndipo Dakika alipofanya jambo ambalo mkulima yeyote hawezi kulifanya hata akilewa. Ili ulifanye lazima uwe fundi saa.

Alichana kikopo cha kwanza, akautazama mzizi. Umefunikwa udongo. Umeshikwa na makapi ya mboji, chembe za mchanga, na wino wa gazeti. Sasa, fundi wa saa ana sheria moja aliyofundishwa kwa makofi akiwa kijana: kipuri hakiingii kwenye saa kikiwa kichafu. Unakitoa, unakiosha, unakipiga brashi, unakikagua kwa kioo, ndipo unakiweka mahali pake. Mikono yake ilijua hivyo kuliko kichwa chake. Akachota maji kwenye bakuli. Akauchovya mzizi, akausuuza polepole, udongo wote ukaondoka, akaupitishia brashi yake laini ya manyoya mpaka kila uzi wa mzizi ukatengana na mwenzake, mweupe pe. Akaukagua kwa kioo. Ukampendeza. Akaupanda.

Robo saa kwa mche mmoja. Alifanya hivyo kwa ishirini na mitatu, mgongo unamuuma, furaha tele. Alirudi nyumbani mchana akamwambia mkewe kuwa hakuna mtu katika bustani ile mwenye mizizi safi kama yake. Kwa hilo alikuwa sahihi kabisa.

Alhamisi asubuhi alimkuta mpishi amesimama kwenye mpaka wa vipande vyao, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza hacheki. Miche yote ishirini na mitatu ilikuwa imelala chini. Si kwamba ilikuwa imenyong'onyea. Ilikuwa imelala chali, majani yamekuwa kama uzi uliolowa.

"Kaka, umeifanya nini hii?"

Akamwelezea. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, mpaka habari ya brashi. Mpishi akashika kichwa.

"Umeuosha mzizi? Mzizi ni sahani?"

"Ulikuwa mchafu."

"Ule uchafu ndio maisha yake, kaka yangu. Mahindi na maboga hayataki kuguswa mzizi. Vile vinyuzi vidogo usivyoviona ndivyo vinavyokunywa maji, wewe umevisugua vyote. Unapanda na udongo wake, na kikopo chake, kama kilivyo. Unachana kitako tu." Akamtazama usoni, sauti ikashuka. "Imebaki mingapi?"

Dakika akahesabu kwa midomo. Mahindi thelathini na manane. Maboga manne. Arobaini na miwili.

"Basi bado hujafa," mpishi akasema. "Kesho alfajiri, jua halijatoka. Na usiyapange mstari mmoja mrefu kama foleni, yapange kwa kundi, safu sita, ndipo baadaye upepo uyabebee chavua. Nitakuchotea maji."

Lakini yule bwana alikuwa ameshakufa moyo. Alipanda ngazi ghorofa tatu kama amebeba mtungi. Akaingia chumbani, akatoa begi chini ya kitanda, akalipangusa vumbi, akaketi nalo mapajani. Aliona haya, na haya zake hazikuwa za miche. Kazi pekee aliyokuwa anaijua duniani, mikono yake yenyewe, ndiyo iliyoiua ile miche, na sasa angekwenda kukaa getini kwa watu kuhesabu malori.

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akasimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Hilo begi la nini?"

Akamwambia yote. Bakuli, brashi, yote.

Mkewe hakucheka, na hapo alistahili kucheka. Akaja akalichukua begi mapajani mwake, akaliweka juu ya kabati ambako mumewe hafiki bila kigoda.

"Mimi sitaki uende," akasema. "Nakuambia wazi kwa sababu wewe mpaka uambiwe. Nilisema utafute pa kwenda asubuhi, sikusema utafute pa kulala. Unadhani ni nani alikuwa akizungusha sinia zako ukiwa unaoga, ili miche isiegemee dirishani? Nilikuwa naisemesha, kama kichaa. Unasema imebaki arobaini na miwili. Wanataka arobaini. Mbona unakaa?"

Dakika alimkodolea macho. Muda wote huo alikuwa akijisifu kwa kinyozi kwamba miche yake imenyooka kwa sababu ya ratiba.

Ijumaa, giza bado halijaisha vizuri, wale wawili walikuwa kwenye ngazi, kila mmoja na sinia yake, wanashuka kwa unyayo wa kunyata. Mkewe alikuwa ameandika kwa chaki mlangoni: fundi hafungui leo. Hakuwahi kufunga siku ya Ijumaa tangu aanze kazi, Ijumaa ndiyo siku watu wanapochukua nguo zao. Kwenye ngazi ya pili paka wa jirani akapita katikati ya miguu yao na kikopo kimoja cha mahindi kikaenda chini, ghorofa hadi ghorofa, wakikisikia kinavyogonga.

"Arobaini na mmoja," mkewe akasema. "Twende."

Bustanini wakapanda. Yeye anatoboa shimo, mkewe anachana kitako cha kikopo kwa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, anakishusha na udongo wake wote, anasindilia kwa vidole viwili. Mikono ya cherehani na mikono ya saa, hakuna aliyehitaji kumwelekeza mwenziwe. Mpishi akapita na ndoo, anamwaga maji kwenye kila kitako, na kicheko chake kilikuwa kimerudi.

"Wifi, ulikuwa wapi siku zote, ukamwachia huyu?"

"Nilikuwa namshonea suruali za ukulima."

Saa mbili kamili ilikuwa imesimama yote. Safu sita za mahindi, maboga matatu kwenye kingo na moja kwenye pembe. Dakika alisimama kwenye njia akaitazama. Akaizunguka mara nne. Mkewe akamwacha.

Jumamosi walifika mapema wakakuta mche mmoja wa mahindi umekatwa chini kabisa, sawasawa, kama kwa mkasi. Mdudu wa udongoni, mpishi akasema, yule funza anayekata usiku. Akamfukua kwa kidole, akamponda kwa kisigino bila hata kukatisha mazungumzo. Arobaini kamili. Hakuna wa akiba hata mmoja.

Katibu wa bustani aliwahi kuwa msimamizi wa mitihani, na sura ile hakuiacha shuleni. Alikuja saa sita mchana, jua la kichwa, na daftari na fimbo nyembamba. Anahesabu kwa kugusa ardhi pembeni ya kila mche. Kwenye vipande vingine alipita haraka. Cha kumi na saba akaanza kona ya juu, safu kwa safu, na Dakika akahesabu naye kimoyomoyo. Thelathini na sita, mahindi yote. Boga la kwanza, la pili, la tatu. Thelathini na tisa. Fimbo ikafika kwenye pembe, ikasimama.

Boga la nne lilikuwa limelegea. Majani yake yote mawili makubwa yameshuka kama mwavuli uliofungwa, na shina limeinama limegusa udongo.

"Huu umelala," katibu akasema.

Mkewe ndiye aliyejibu.

"Ni jua tu. Umehamia jana."

"Dada, sharti linasema uliosimama."

"Na sharti linasema Jumamosi. Jumamosi haijaisha."

Katibu akamtazama juu chini. Akageuza kurasa za daftari, bila shaka akitafuta mahali palipoandikwa saa, hakupaona. Akafunga daftari. "Nitarudi saa kumi na moja jioni. Ukiwa hivi hivi, nitaandika thelathini na tisa."

Sasa wewe niambie utafanya nini kwa saa tano. Kumwagia maji zaidi, mpishi alikataa, akasema mtauzamisha. Unahitaji kivuli na kuachwa. Mkewe Dakika akafungua mkoba wake akatoa kitambaa cha bitana, cheupe, chepesi, alichokuwa amekibeba kufungia chakula chao. Akasimama upande wa jua, akakitandaza kwa mikono miwili juu ya lile boga, na akasimama hivyo.

Alisimama. Mikono ilipomchoka, Dakika akashika upande mmoja, wakawa wawili kila mtu na pembe zake, kama watu wanaokunja shuka. Jua likisogea na wao wanasogea hatua moja. Wenye vipande vingine wakaanza kuwatania kwanza, mara wakaacha, mara wakawa wanapita makusudi wakichungulia chini ya kitambaa. Mpishi alikwenda kantini akarudi kama mtu anayefuata matokeo ya mpira. Saa tisa hakuna kitu. Saa tisa na nusu mkewe akasema shina limeinuka kidogo, Dakika akasema hapana, mkewe akasema lete kioo chako. Akakitoa mfukoni, akapiga magoti kwenye tope, akakibana.

"Limeachana na udongo," akasema. "Unene wa karatasi. Lakini limeachana."

Saa kumi, upana wa kidole. Saa kumi na nusu jani moja likaanza kujifungua kutoka katikati, taratibu, kama mkono wa mtu aliyekuwa usingizini. Dakika akawa anashindwa kutazama na anashindwa kuacha kutazama. Kufikia saa kumi na moja kasoro dakika sita walikuwepo watu kumi na wawili kwenye njia nyembamba, wote kimya, wanalitazama boga.

Katibu akaja kwa dakika yake. Mkewe Dakika akashusha kitambaa, akakikunja mara nne, akarudi nyuma. Fimbo ikagusa ardhi pembeni ya shina. Katibu akainama, akaupitisha mkono chini ya majani bila kuyagusa, ukapita mzima.

"Arobaini," akasema, akaandika.

Watu wakapumua. Mpishi akapiga kigelegele peke yake na hakuona haya. Dakika akatoa simu ampigie mdogo wake, hakutaka hata kungoja Jumapili. Ikaita, ikapokelewa, mdogo wake akasema haloo, haloo kaka, na yeye akafungua kinywa na sauti ikakataa kabisa kutoka. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni, yanaacha njia kwenye vumbi. Mkewe akamchukulia simu mkononi.

"Shemeji, ni mimi. Hapana, mzima, haumwi. Tafuta mlinzi mwingine tu, shemeji. Huyu ana kazi."